Licha ya na Ndugu Zake: Historia ya Maneno ya Ukinzani, Kutoka Ujiji

Kwa miaka mingi niliyofundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za sekondari mkoani Kigoma, na baadaye kuwanoa walimu wanafunzi, sijapata kukutana na kosa sugu kuliko "despite of the rain". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza huliandika, wa kidato cha nne huliandika, na hata mwalimu mwanafunzi aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha huliandika ubaoni kwa hati nzuri ya kupendeza. Kitabu cha sarufi humwambia kwamba "in spite" hufuatwa na "of", na kwamba "despite" haitaki "of" hata kidogo. Husoma, hukariri, hufaulu zoezi la siku ile, na juma lifuatalo "of" hurudi mahali pake kama paka aliyefukuzwa jikoni.

Chanzo chake kiko kwenye Kiswahili. Mwanafunzi amefundishwa kwamba "despite" maana yake ni "licha ya". Upande mmoja pana maneno mawili, upande wa pili pana neno moja. Ile "ya" inatafuta pa kulala, na "of" ndiyo "ya" anayoifahamu tangu siku alipojifunza kusema "kitabu cha Juma". Basi huiandika. Hiyo ni tafsiri ya mtu mwenye akili anayefuata kanuni, ila kanuni yenyewe si ya lugha anayoiandika.

Nimeona nifuatilie kosa hili hadi kwenye mizizi yake, kwa sababu lina historia ndefu kuliko tunavyodhani, na historia hiyo inagusa jambo zito kuliko alama za mtihani. Neno hili hili "licha ya" limebadilika maana kiasi kwamba leo watu wawili wanaweza kusoma sentensi moja ya Kiswahili, mmoja akaelewa kuwa fulani alisaidiwa, mwenzake akaelewa kuwa fulani huyo hakusaidiwa kabisa.

Kwanza tumtendee haki mwanafunzi. Neno "despite" lilitoka katika Kilatini, "despectus", yaani hali ya kutazamwa kutoka juu kwenda chini, kudharauliwa. Likapita katika Kifaransa cha kale, "despit", likaingia Kiingereza likiwa nomino kamili yenye maana ya dharau na chuki. Waingereza wakaunda kirai "in despite of", ambacho ukikifasiri neno kwa neno kinatoa "kwa dharau ya". Aliyesafiri "in despite of" mvua alisafiri kwa kuidharau mvua. Kirai hicho kilikuwa kirefu, na virai virefu hupunguzwa na ndimi za watu. Tawi moja lilikata kichwa cha neno na kuacha mengine yote, tukapata "in spite of". Tawi la pili lilikata "in" ya mbele, na kwa muda fulani likabaki na "of" ya nyuma kabla ya kuiangusha nayo. Katika zama za Shakespeare "in despite of" na "despite of" yote mawili yaliandikwa, wala hakuna aliyechorewa mstari mwekundu. Kijana wa Ujiji wa leo, pasipo kujua, anaandika Kiingereza cha miaka 400 iliyopita. Mtahini wa leo, hata hivyo, hasahihishi Kiingereza cha miaka 400 iliyopita, na ana haki yake.

Dharau hiyo haikuwa ya Waingereza peke yao. Kifaransa kina "malgré", lililoungwa kwa "mal" na "gré", yaani ridhaa mbaya, kufanya jambo mwingine akichukia. Kiarabu husema "'ala raghmi", na mzizi wake unahusiana na "ragham", vumbi: ni picha ya mtu aliyesukumwa pua yake mavumbini akatii asilolitaka. Nazitaja lugha hizi tatu kwa sababu zote zimefika kwenye mwambao wetu. Kiarabu kilikuja na misafara ya pwani. Kiingereza kilikuja na wasafiri, kisha na wamisionari wa London Missionary Society waliofika Ujiji mwaka 1878, kisha na serikali ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kifaransa kilikuja na Mapadre Weupe waliowasili Ujiji Januari 1879, kikarudi na Wabelgiji walioiteka Kigoma mwaka 1916, na hadi leo kinavuka ziwa kila siku pamoja na wafanyabiashara wa Kalemie, Uvira na Bujumbura. Lugha zote tatu, zilipotaka kusema kwamba jambo moja lilifanyika na jingine halikulizuia, ziliokota picha ya chuki au ya kudhalilishana.

Kiswahili hakikuokota picha hiyo, na hapa ndipo historia inaponoga.

Ujiji ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa mji wa Kiswahili kabla haijawa mji wa kitu kingine chochote katika macho ya wageni. Burton na Speke walipoliona ziwa mwezi Februari 1858, walifika kwa njia iliyokwisha kukanyagwa na misafara. (Jambo la kuchekesha kidogo: Speke hakuweza kuzungumza na wapagazi kwa Kiswahili, akawa anazungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay ndiye aliyewafikishia wengine. Kiingereza hakikuwa na kazi katika mazungumzo hayo ya Mwingereza na wapagazi wake.) Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, alikuwa mkuu wa mji huo kwa miaka mingi. Baada yake Rumaliza alijenga nguvu zake papo hapo. Mwenzao Tippu Tip alivuka ziwa kwenda Manyema, na uzeeni akaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, zikachapishwa Berlin na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903.

Kiswahili cha watu hao kilikuwa kimekwisha kupokea kutoka Kiarabu maneno mengi ya kupinganisha: lakini, bali, ila, badala, tofauti, minghairi. Kilipokea, kwa ufupi, karibu kila chombo cha ukinzani kilichokuwa sokoni. Lakini lile neno la pua na vumbi halikupata makazi. Nadhani sababu ni kwamba nafasi yake ilikuwa imejaa. Kiswahili kilikuwa na chombo chake cha asili, nacho kiliishi ndani ya kitenzi.

Tazama neno "ingawa". Leo tunaliita kiunganishi, na katika vitabu vya shule limewekwa kapu moja na "lakini" na "kwa sababu". Lichambue: i-nga-wa. Kuna kiambishi cha nafsi au ngeli, kuna -nga- ya kukubali jambo huku ukilipuuza, kuna kitenzi "wa". Maana yake ni "hata kama iwe". Katika ushairi wa pwani -nga- hiyo ilitembea huru: angawa, wangawa, ningajua, lingawa. Sisi tumeigandisha katika umbo moja la "i-" na kuisahau. "Ijapokuwa" nayo ni i-japo-kuwa, na ndugu zake walio hai ni ajapokuja, nijaposema, lijapochafuka. "Isipokuwa" ni i-si-po-kuwa. Maneno haya yote ni vitenzi vilivyosimama mahali pamoja mpaka vikaota mizizi. Askofu Steere katika kitabu chake cha sarufi cha 1870 aliziorodhesha nyakati hizi za vitenzi, na Bi. Ashton mwaka 1944 akazieleza kwa kirefu zaidi. Wote wawili waliona kwamba Mswahili akitaka kusema "though" hubadilisha kitenzi, wala hatafuti neno la kukitanguliza.

Kwa hiyo katika Kiswahili cha asili mtu hakusema "licha ya mvua". Alisema "ijaponyesha mvua", au "mvua ingawa yanyesha". Palikuwa na tukio na tukio, kishazi na kishazi. Ile namna ya Kiingereza ya kulikunja tukio zima likawa nomino moja, kisha kulibandikia kihusishi mbele, haikuwa desturi yetu kubwa.

Sasa "licha" lilikuwa likifanya nini zamani? Lilikuwa na kazi nyingine. Kamusi za enzi ya ukoloni humpeleka msomaji kwanza kwenye maana ya "achilia mbali", "si hilo tu", "sembuse". "Licha ya watu, hata wanyama walikimbia": watu walikimbia, na zaidi ya hao wanyama nao. Licha liliweka kando jambo lililo dhahiri ili kulipisha jambo la kushangaza zaidi. Na ndiyo maana mara nyingi lilitembea na "hata", kama mtu na fimbo yake.

Chukua sentensi hii: "Licha ya kunisaidia, kunisalimu hakunisalimu." Kwa masikio ya zamani, maana yake ni kwamba achilia mbali kunisaidia, hata salamu hakunipa. Hakunisaidia, wala hakunisalimu. Kwa masikio ya kijana wa leo, maana yake ni kwamba alinisaidia, ila hakunisalimu. Sentensi haikubadilika hata herufi moja. Wa kwanza ananong'ona kuhusu mtu mchoyo, wa pili anasimulia mtu mwema asiye na adabu. Anayesoma barua za babu zake, au hati ya urithi, au shauri lililoandikwa na karani wa baraza miaka ya 1940, aisome "licha ya" kwa tahadhari, kwa maana anaweza kumsafisha aliyekosa na kumchafua aliyetenda wema.

Mgeuko ulitokeaje? Njia yenyewe naiona hivi. Palipo na nyongeza, ukinzani hauko mbali. "Licha ya kuwa mgonjwa, alikuwa na njaa" ni nyongeza tupu. "Licha ya kuwa mgonjwa, alikuja kazini" nayo yaweza kuanza kama nyongeza: alikuwa mgonjwa, na juu ya hayo alikuja kazini. Lakini ugonjwa na kazi havipatani, na msikilizaji mwenyewe hujaza kutopatana huko. Akijaza mara mia, neno hulipokea na kulifanya lake. Hadi hapa ni mwendo wa kawaida wa lugha, na ungeweza kuchukua vizazi vitatu.

Kilichouharakisha ni meza ya kutafsiria. Waingereza walipoanza kuitawala Tanganyika, walianzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyosimamia usanifishaji juu ya msingi wa Kiunguja. Maandiko ya serikali, ya shule na ya magazeti yakawa kwa sehemu kubwa ni tafsiri, na mfasiri hukutana na "despite" na "in spite of" karibu katika kila ukurasa. Kiingereza cha magazeti hupenda sana kuanza sentensi kwa kirai hicho, maana kinaokoa nafasi. Mfasiri mwenye haraka hana muda wa kufumua nomino na kuirudisha kuwa kitenzi. Anahitaji kitu chenye umbo lile lile: neno, kisha "ya", kisha nomino. "Licha ya" lilikuwepo, limekaa karibu na maana inayotakiwa, lina umbo linalotakiwa. Likaajiriwa. Baada ya uhuru, habari za mashirika ya ng'ambo ziliendelea kutafsiriwa kila usiku magazetini na redioni, na kazi ile ya muda ikawa ajira ya kudumu.

Simlaumu mfasiri. Namsikitikia kidogo "japo", aliyeachwa nje mlangoni.

Lakini Kiswahili hakikungoja "licha ya" ili kipate kihusishi cha ukinzani. Kilikuwa nacho kimoja kizuri, ambacho wengi hawakitambui kwa sababu kimevaa nguo za kila siku: "pamoja na". "Pamoja na umaskini wake, aliwasomesha watoto wote." "Pamoja na hayo, hatukukata tamaa." Meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927, yafaa tuseme juu yake: "Pamoja na kulala majini miaka minane, mitambo yake iliweza kufufuliwa." Hapa hapana dharau wala pua mavumbini. Mambo mawili yasiyopatana yamewekwa bega kwa bega, na msikilizaji anaachiwa astaajabu kwamba yameweza kukaa pamoja. "Juu ya hayo" hufanya vivyo hivyo kwa picha ya kupandanisha. Kiingereza nacho, chini ya dharau yake ya "despite", kina njia hii: "for all his poverty", "all the same". Ni jambo ambalo wanafunzi wangu walilipokea vizuri kuliko kanuni yoyote ya kukariri. Nilipowaambia kwamba "for all" ni ndugu wa "pamoja na", waliacha kuiogopa.

Na darasani humo tuingie kidogo, kwa sababu makosa ya Kiingereza ya mwambao huu ni kioo cha sarufi ya Kiswahili. "Despite of" nimekwisha kulieleza. La pili ni "despite he was sick". Hili linatokana na "licha ya kwamba alikuwa mgonjwa": Kiswahili huruhusu kishazi kizima baada ya "licha ya" kwa msaada wa "kwamba", na mwanafunzi akiitupa "kwamba" kwa kuiona haina kazi, kishazi hubaki uchi baada ya kihusishi. Tiba yake ni "although", au "despite the fact that". La tatu ni "despite to be sick", pamoja na mwenzake "instead to go". Hapa mkosaji ni ile "ku-" yetu, ambayo ni kitenzi na nomino kwa wakati mmoja. "Kwenda" katika "badala ya kwenda" ni jina, lakini kamusi humwambia mwanafunzi kwamba "kwenda" ni "to go". Kiingereza kimevigawa vitu hivyo viwili, na baada ya kihusishi kinataka "going", kinataka "being".

La nne ndilo mashuhuri kuliko yote: "Although he was poor, but he was happy." Mwalimu wa Kiingereza hulikemea kama uchafu. Kwa Kiswahili "Ingawa alikuwa maskini, lakini alikuwa na furaha" ni sentensi isiyo na doa, na sasa tunajua kwa nini. "Ingawa" kwa asili ni kitenzi kilicho ndani ya kishazi chake. Hakiunganishi kitu, kinakubali tu. Kazi ya kuunganisha imeachiwa "lakini". Katika Kiingereza "although" imekwisha kuifanya kazi hiyo, na "but" inakuwa mtu wa pili kwenye kiti kimoja. Tangu nilipoanza kulieleza hivyo, kwa kuichana "ingawa" vipande vitatu ubaoni, "but" ile ilipungua katika madaftari kuliko ilivyowahi kupungua kwa viboko vya wino.

Mengine nayapitia haraka. "Contrary with" na "different with" ni "kinyume na" na "tofauti na". Kiingereza kinataka "contrary to" na "different from", na mara nyingi "unlike" peke yake inatosha. "On the contrary" hukanusha jambo lililosemwa. "In contrast" hulinganisha vitu viwili vilivyo kweli vyote. Wanafunzi huyachanganya kwa sababu "kinyume chake" ya Kiswahili hubeba yote mawili.

Nimepata kuwafundisha Kiingereza nyakati za jioni watu wazima waliosomea Kifaransa ng'ambo ya ziwa. Hao hawaandiki "despite of" hata siku moja, maana "malgré" haina "de" nyuma yake. Wao huanguka upande wa pili wa mtumbwi: "in spite the rain". Kosa la jirani yako hukuonyesha umbo la lugha yako kuliko kitabu.

Kwa kuwa wengi wa wasomaji wa hapa ni malenga, sitatoka bila kuligusa shairi. Mji wa Ujiji umetoa washairi wawili wakubwa waliozaliwa kwa kupishana miaka miwili tu: Kaluta Amri Abedi, 1924, na Saadan Kandoro, 1926. Amri alituachia kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, ambacho bado ni msingi wa kila anayejifunza vina na mizani. Hebu tuichukue hiyo mizani minane ya kipande kimoja tuone inavyopokea maneno haya. Nataka kusema kwamba ziwa likichafuka mtumbwi wangu hautazama. Naunda mshororo wa mazoezi tu, si wa diwani:

Ziwa lijapochafuka, mtumbwi hautozama.

Hesabu: nane kwa nane. Naweza pia kusema "Japo ziwa lachafuka", nane vilevile. Jaribu sasa "Licha ya ziwa kuchafuka": tisa. "Ingawa ziwa lachafuka": tisa pia. Haki isemwe, "Licha ya mawimbi yake" inatimia nane barabara, kwa hiyo siwezi kudai kwamba mizani inalifukuza "licha ya". Ila nomino hiyo imelinyang'anya ziwa kitendo chake. Katika "lijapochafuka" ziwa linachafuka mbele ya macho yetu. Katika "licha ya mawimbi yake" mawimbi yametajwa tu, kama bidhaa katika hati ya mzigo. Washairi wa leo hutumia "licha ya" kwa wingi, na mara nyingi najua, kabla sijamaliza ubeti, kwamba mtunzi alilifikiria jambo lake kwa lugha ya habari. Anayo -nga-, anayo -japo-, zote mbili zinaokoa mizani na zinaacha kitenzi kikiwa hai. Sioni kwa nini azikatae.

Amri huyo huyo alikuwa Waziri wa Sheria mwaka 1963, mshairi katika ofisi ya sheria, na hilo linanileta kwenye jambo la mwisho. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri na kuandika upya ni kubwa, na Kiingereza cha sheria kimejaa "notwithstanding", "without prejudice to", "subject to" na "in addition to". Mfasiri wa gazeti akikosea, msomaji hukunja gazeti. Wa sheria akikosea, mtu hulipa.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba halmashauri fulani ya mwambao ina sheria ndogo. Kifungu cha 4 kinasema kila mtumbwi wa kuvulia dagaa utalipiwa ushuru wa shilingi 5,000. Kifungu cha 9 kinasema: "Licha ya kifungu cha 4, mwenye mtumbwi wenye injini atalipa ushuru wa shilingi 10,000." Mvuvi anakuja na injini yake. Atalipa ngapi? Kwa maana ya zamani, iliyo hai bado vinywani mwa wazee, "licha ya" ni nyongeza: vifungu vyote viwili vinamhusu, na atalipa 15,000. Kwa maana ya gazeti, "licha ya" ni kupuuza: kifungu cha 4 kimewekwa kando, na atalipa 10,000. Karani ana sababu ya kudai 15,000, mvuvi ana sababu ya kukataa, na hakuna kati yao asiyejua Kiswahili.

"Pamoja na kifungu cha 4" haitatuokoa, kwa kuwa nayo, kama tulivyoona, ina sura mbili. "Mbali na" ina sura mbili pia: mara ni "zaidi ya", mara ni "isipokuwa". Uzuri wa maneno haya katika shairi ndio hatari yake katika sheria ndogo. Kama nia ni kukiweka kando kifungu cha 4, "bila kujali kifungu cha 4" inasema hivyo, wala haisemi kitu kingine. Kama nia ni nyongeza, ningependa mwandishi aache virai kabisa, arudi kwenye vitenzi kama walivyofanya wasemaji wa kale, na aandike sentensi mbili: "Mwenye mtumbwi wenye injini atalipa ushuru uliotajwa katika kifungu cha 4. Atalipa pia shilingi 10,000 kwa ajili ya injini."